Kiti Kimoja cha Kwenda Ruangwa

Leo nimeumbuka, jamani. Acheni niseme mwenyewe kabla mpishi hajafika hapa kunisemea.

Mnajua lori la kambi lilikuwa linatoka Nachingwea saa sita kwenda Ruangwa, na kando ya dereva kulikuwa na nafasi moja. Moja! Mimi niliihitaji. Baba yake Zainabu, huko Ruangwa, alisema leo, baada ya Alasiri, anataka kuniona kwa mara ya kwanza mimi ninayemposa binti yake. Lakini Anakleti, yule makanika, naye aliitaka. Hajamwona dada yake wa Ruangwa tangu mavuno.

Mpishi wa Wazungu akasema, "Msigombane. Chezeni poka." Mchezo huo wa karata yeye kaujua akiwapelekea chai mezani. Akatupa karanga ishirini kila mtu. (Karanga tu! Shehe asiniulize.) Atakayezimaliza za mwenzake ndiye apande lori.

Mimi poka nimecheza mara mbili, tena tukiwa wanne. Mkiwa wawili, kumbe mambo yanageuka. Anayegawa anawekewa kizibo cha soda mbele yake. Kabla ya kuona karata, yeye anaweka karanga moja, mwenzake mbili. Kisha anayegawa ndiye anayeanza kusema kama anaongeza karanga au anatupa karata. Ila mkishabadilisha karata, yaani kurudisha mbovu na kupewa nyingine, anayegawa anasema mwisho.

Hilo la mwisho sikulisikia. Nilikuwa nimesimama nachungulia lori. (Nilisimama mara saba. Mpishi alihesabu.)

Tukacheza, hakuna anayemzidi mwenzake. Mara lori likawashwa. Kizibo kiko mbele yangu, karata tumeshabadilisha, na mimi nina saba mbili, basi. Nikasukuma karanga zangu katikati.

"Zote!"

"Ngoja," mpishi akasema. "Anaanza Anakleti."

"Kwa nini? Mwanzo si nilianza mimi?"

"Mwanzo ndiyo. Sasa wewe unamaliza. Zirudishe."

"Sirudishi! Mnataka kuninyima zamu yangu!" Nikapiga meza. Madereva wakasogea kutazama.

Anakleti akasema kwa upole, "Mwache kaka aanze." Akasukuma zake zote, akafunua karata. Mabibi watatu. Nikafunua saba zangu mbili; zimeliwa.

Mpishi akamuuliza, "Ungeanza wewe, ungefanyaje?"

"Ningeweka zote."

Mpishi akanigeukia. "Nawe ungeona, ungetupa hizo saba zako, ungebaki na karanga zako. Umegombea haki ya kupigwa kwanza, bwana!"

Madereva walicheka mpaka mmoja akakaa chini.

Haikuishia hapo. Lori jingine ni wiki ijayo, kwa hiyo ilibidi nimpe Anakleti kifurushi nilichoandaa cha khanga na sukari ampelekee mkwe, amweleze nimekwama kazini. Akaitazama ovaroli yake, grisi tupu.

"Kaka, niazime kanzu. Nisikuaibishe."

Nikampa. (Ndiyo, ile mpya.)

Sasa hivi nadhani kakaa mkekani kwa mkwe wangu, anang'aa, anakaribishwa wali kwa kuku, na Zainabu anachungulia mlangoni.

Mwenye baiskeli anipe upesi. Nyie wengine chekeni nikishaondoka.