Ghorofa Langu la Kigoma

Leo nimeumbuliwa, na aliyeniumbua alikuwa ananisifu. Naandika haya nikiwa bado na tai shingoni. (Tai si yangu. Hakuna kitu changu katika kisa hiki, mtaona.)

Nianze na siri: nataka kununua nyumba. Ndiyo, mimi Shabani! Kwetu Kigoma ndiko reli inakoishia, na mimi niliacha shule darasa la sita ili nikaone inaanzia wapi. Tangu hapo sijasimama. Lakini Jumapili mbili zilizopita nilikwenda kuangalia fleti moja mtaa wa Ganshoren, ghorofa ya nne, vyumba viwili, na pale jikoni miguu ikagoma. Jua lilikuwa limelala sakafuni kama paka. Nje ya dirisha kulikuwa na mti, na njiwa mmoja mnene ananitazama kana kwamba tumechelewa kufahamiana. Nikajiona nachemsha chai. Nikajiona nimekuwa mzee palepale, nikigombana na njiwa. Dalali aliniita mara tatu.

Benki wananiaga kabla sijakaa. Ila kuna ofisi hapa Brussels inayowakopesha kwa riba ndogo watu wanaonunua nyumba kwa mara ya kwanza, na hata kodi ya kuiandikisha nyumba wanapunguziwa. Masharti makubwa ni mawili. La kwanza, uishi humo mwenyewe miaka isiyopungua mitano. (Mitano! Hapa mjini nina minne, na hiyo ndiyo rekodi yangu.) La pili, usiwe na nyumba nyingine popote duniani. Hilo la pili lilinichekesha. Mimi? Hata hema sina.

Leo ndiyo ilikuwa siku ya kuhojiwa. Kifaransa changu ni cha sokoni, kinanunua viazi na kusema pole, basi. Nikamwomba Tonton Faustin anisindikize. Tonton, yaani mjomba, ni mzee wa Likasi, ng'ambo ya ziwa letu, mwalimu mstaafu, na nimepanga chumba kwake na mkewe, Maman, mwaka wa pili sasa. Asubuhi akanifunga tai yake kwa mikono yake mwenyewe.

"Kwa bureau unyamaze kabisa," akaniambia. "Miye ndjo nitasema. Bazungu banapenda muntu sérieux, muntu ya kutulia."

"Sawa, tonton."

"Na hii soksi? Muntu wa étage anavaa soksi ya hivi?"

Muntu wa étage, mtu wa ghorofa. Hapo ndipo nilipaswa kushtuka. Lakini nilikuwa nimeshafika Ganshoren kichwani, nachagua pazia.

Ofisi iko karibu na kituo cha treni cha Gare du Nord, ghorofa ya juu. Dirishani unaliona jengo ambalo mimi nasafisha vioo vyake kila alfajiri. Nikavitazama vioo vyangu kwa mbali, vinang'aa, mawingu yanapita ndani yake polepole, na mimi nikapita nayo. Kwa hiyo mwanzo wa mazungumzo sikuusikia. Niliporudi, yule mama wa mezani, mwenye miwani ya kamba na sauti ya upole, alikuwa anazipanga karatasi zangu moja moja.

"Anwani sita kabla ya hii ya sasa," alisema. "Ndani ya miaka miwili. Monsieur Shabani ni mtu wa kutulia kweli?"

Tonton akajinyoosha. Akashusha Kifaransa cha ubaoni, kile cha kufundishia sarufi, na nilielewa kila neno. (Natamani nisingelielewa.)

"Madame, huyu kijana ni nguzo! Hebu fikiri, umri wake huu, tayari kwao ana nyumba ya ghorofa. Na kibaraza juu!"

Kalamu ikasimama.

"Ana nyumba?"

"Nzuri sana, madame!"

Yule mama akafunga faili langu taratibu, kwa huruma, kama mtu anayemfunika maiti. Ganshoren ikazimika. Njiwa akaruka.

"Sina nyumba!" nikapiga kelele. Kwa Kiswahili, kwa Kifaransa, na kwa lugha nyingine ambayo sijui niliitoa wapi.

"Ni unyenyekevu, madame," Tonton akasema, ananipigapiga bega. "Balimulea muzuri." (Hilo la mwisho alinong'ona kwa Kiswahili, kujipongeza.)

"Monsieur," mama akanigeukia, na upole umepungua, "kuficha mali ni jambo zito hapa."

"Sifichi! Tonton, mwambie sina!"

"Usiogope, mwana. Niko na preuve."

Akaingiza mkono mfuko wa ndani wa koti kuutoa huo ushahidi. Nikaijua bahasha ile ya picha kabla haijatoka.

Ndugu zangu, niwaeleze kuhusu ile picha. Mwaka juzi kwa Tonton kulikuwa na sherehe ya ubatizo. Baada ya kula, wanaume wakaanza kuonyeshana nyumba zao za nyumbani. Huyu ya Kolwezi, yule ya Bujumbura, mwingine msingi tu lakini anausifia kama ikulu. "Na weye Mutanzania?" Mimi nilikuwa na picha moja tu pochini, nimesimama mbele ya geti la ghorofa moja kule kwetu mlimani. Nikaiweka mezani. Sikusema ni yangu. Nilisema, "Hii hapa ya Kigoma," nikajaza samaki mdomoni ili nisiulizwe zaidi. Toka siku hiyo nakalishwa kwenye kiti chenye mikono, na Tonton aliomba nakala awe anawaonyesha watu. Miaka miwili ameitembeza Brussels nzima kama picha ya mjukuu.

Sasa iko mezani, chini ya miwani ya kamba.

Nyumba ni nzuri, siwezi kukataa. Ukuta rangi ya siagi. Na mimi mbele yake, nimetabasamu, mkono mmoja nyuma ya mgongo.

Nikawa na njia mbili. Ninyamaze, nibaki tajiri. Au niseme, nipate jiko lenye jua. Nikavuta pumzi.

"Madame, tafadhali angalia suruali."

Akaangalia. Tonton naye akainama.

"Ina madoa," mama akasema.

"Ni mtindo," Tonton akasema.

"Ni rangi ya ukuta, tonton. Na huo mkono wa nyuma, hapo kiunoni, mnaona manyoya? Ni brashi. Na kile kivuli getini ni ngazi. Nilikuwa fundi rangi. Niliipaka hiyo nyumba wiki tatu. Mwenyewe hakuturuhusu hata kutumia choo cha ndani."

Yule mama akakigeuza kiti chake dirishani, akatazama vioo vyangu muda mrefu, mabega yanatikisika. Aliporudi macho yalikuwa na maji.

"Basi Monsieur Shabani ataandika tamko kwa mkono wake," akasema. "Kwamba hana nyumba popote duniani."

Mnadhani aibu iliishia hapo? Mimi kuandika Kifaransa sijui. Ikabidi Tonton aniandikishe imla. Mzee aliyenibeba mfukoni miaka miwili akakohoa, akaweka mikono nyuma kama yuko darasani Likasi, akaanza kwa Kifaransa, neno kwa neno, kwa sauti ya kufika mpaka ukumbi wa kusubiria:

"Mimi... Shabani... sina... nyumba. Umeandika? Sina nyumba. Ya aina yoyote. Mahali popote. Rudia: popote."

Jasho likadondoka kwenye karatasi. Nikatia saini. Faili likafunguliwa tena, majibu yatakuja kwa barua.

Kwenye tramu Tonton alikaa upande wa dirisha. Kituo cha kwanza akafungua vifungo vya koti. Cha pili akavifunga. Nilikuwa natunga maneno ya kuomba radhi, kila nikitunga yanayeyuka, na nyumba za watu zinapita kioo kwa kioo, kila moja na taa yake na sufuria yake. Kituo cha tatu akaitoa bahasha. Nikajua anaichana. Akaitazama picha, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu.

"Hii rangi," akasema.

"Ndiyo, tonton."

"Ulichanganya weye mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe. Nyeupe, njano kidogo, na tone la kahawia."

"Bon." Akairudisha picha mfuko uleule. "Ukuta ya salon ya Maman, ya kupokelea bageni, inachubuka. Siku ya samedi, saa mbili ya asubuhi, unapaka. Rangi hii hii."

"Sawa, tonton."

Tramu ikakata kona. Akanitazama kwa mara ya kwanza tangu tutoke ofisini.

"Na choo, kwetu unatumia ya mu nyumba."

Basi, msicheke. Na kama kuna mwenye picha yangu nimesimama mbele ya geti lolote, nchi yoyote, aifute kabla barua haijafika.