Karamu ya Kuandikia

Jumatatu, 13 Oktoba

Mkuu wetu wa shule, Bwana Eustache, ametangaza rasmi. Ijumaa mgeni anakuja kutoka wilayani Kicukiro. Atatazama watoto wa darasa la nne wakifungua kompyuta na kuandika majina yao. Madarasa ya nne ni mawili: langu na la Mwalimu Mukarugwiza. Mwalimu atakayefanya vizuri atakabidhiwa ufunguo wa chumba cha kompyuta. Atakayeshindwa atafundisha michezo. Mimi na magoti haya! Uwanjani siendi ng'o.

Jumanne, 14 Oktoba

Nimewagawa watoto. Wepesi nimewaita Umeme. Wako kumi na wawili, na kompyuta ni kumi na mbili. Hesabu imekubali. Kinara wao ni Shallon, anayeandika bila kutazama kibodi huku akinitazama mimi kwa huruma.

Wazito nimewaita Polepole. Sita. Mzito kuliko wote ni Cyusa. Leo ametumia dakika kumi na moja kuitafuta herufi C. Alipoipata alicheka peke yake, kisha akaniuliza kama kesho ataitafuta Y. Nikasema tutaona.

Uamuzi: Ijumaa Polepole watamwagilia kabichi bustanini. Hiyo nayo ni elimu.

Jumatano, 15 Oktoba

Mukarugwiza ameingia chumba cha kompyuta katika kipindi changu. Tena! Anasema kwake hakuna makundi: mwepesi anakaa na mzito, wanasaidiana. Porojo. Mama huyu amekulia Morogoro, na anasahihisha Kiswahili cha watu hata wakinywa chai. Anisahihishe mimi? Babu yangu alikileta Kiswahili huku pamoja na mizigo yake ya vitambaa.

Alhamisi, 16 Oktoba

Dawa yake nimeipata. Baada ya masomo nimeweka neno la siri kwenye kompyuta zote. Nimeliandika kwa mkono wangu: karamu. Ile ya kuandikia. Ukikosea mara tatu, mashine inajifunga saa nzima. Watoto wangu nitawatajia kesho asubuhi, kwa mdomo tu. Mukarugwiza haambiwi kitu. Nimekula vizuri leo.

Ijumaa, 17 Oktoba

Balaa.

Asubuhi niliwatajia darasa zima lile neno, ile ya kuandikia, mara tatu, kwa sauti. Polepole wakaenda kwenye kabichi. Mgeni akafika, Mkuu akatabasamu, Shallon akaandika. Ikakataa. Akaandika tena, herufi moja moja. Ikakataa. Wenzake nao hivyo hivyo, na mara ya tatu mashine kumi na moja zikajifunga. Ya kumi na mbili ilisalimika kwa sababu Clovis wa Umeme alikuwa chooni.

Mgeni akachungulia dirishani, akauliza wale wenye ndoo ni wa nani. Mkuu akanitazama. Cyusa akaletwa, matope hadi magotini, akaketi kwenye kiti cha Clovis. Kidole kimoja. Nilisoma dua zote ninazozijua, na nyingine mbili za kubuni. Dakika nne. Ikafunguka! Akaandika jina lake, C mpaka A. Mgeni akapiga makofi. Na mimi, nasema hapa kwa kuwa hakuna anayesoma, nilitokwa na machozi.

Mgeni akamuuliza amewezaje, wenzake wameshindwa.

"Niliandika vile mwalimu anasemaga," akasema Cyusa.

Mukarugwiza akanivuta pembeni. Akasema Shallon na wenzake hawakukosea. Wameandika kwa L, kama anavyowafundisha yeye kwenye somo la Kiswahili. Ya R ni ile ya pilau. Nikamweleza kwa upole kwamba mimi nilisema karamu, siyo karamu. Akasema hasikii tofauti. Masikio ni yake.

Mashine moja haikuwatosha watoto wake kujaribia. Kwa hiyo mgeni atarudi Ijumaa ijayo, na ufunguo umebaki mfukoni mwa Mkuu.

Jumatatu, 20 Oktoba

Nimetafakari siku mbili. Kosa nimeliona: Umeme hawasikilizi. Nimewakaripia, Shallon hasa.

Cyusa amekuja kuniuliza kama Ijumaa atakaa ndani. Amesema sasa anajua na Y ilipo. Nimemwambia kabichi zinamtegemea. Akaenda kuchukua ndoo.

Neno la siri nimelibadilisha. Safari hii nimechagua rahisi kabisa, ambalo hata mtoto hawezi kulikosea: kalatasi.