Basia Yetu ya Shirika Ilindwe

Namoto, Jumatatu asubuhi

Mheshimiwa Presidente wa Komite ya Kulinda Basia,

Salamu nyingi, na shukrani zaidi ya salamu. Mimi ni Atija Assane, muuza samaki wa hapa Namoto. Kwenye mkutano wenu nilikaa mbele kabisa. Aliposimama msemaji wenu, senhor Januário, akatangaza, Kireno kidogo, Kiswahili kidogo, kwamba serikali yetu na ya Tanzania zimekubaliana kuilinda basia, machozi yalinitoka. Nikasema alhamdulillahi, leo wakubwa wamejua kuwa muuza samaki bila basia hana kazi. Samaki atawatia wapi, mfukoni?

Basia yenyewe, au beseni kama wasemavyo ng'ambo, ni ile kubwa ya marehemu mama mkwe. Alituachia wawili, mimi na wifi yangu Somoe, bintiye aliyeolewa Kilambo, upande wa pili wa mto. Tulikuwa tunapokezana vizuri tu. Sasa tangu Idi iko kwake, na mimi kila alfajiri nabisha hodi kwa majirani kuazima. Malalamiko yangu yanafuata maneno yenu wenyewe:

1. Mlisema basia haina mpaka, ni ya watu wa pande zote mbili. Kweli tupu. Lakini hii yetu mpaka inaujua: ikishafika Tanzania hairudi.

2. Mlisema wa juu akichafua, anayeumia ni wa chini. Loo, mlinisemea! Somoe ndiye wifi mkubwa, mimi wa chini. Zamu yake analoweka muhogo mpaka unavunda. Ikija kwangu, wateja wa Palma wanaziba pua mbele ya samaki wa leo leo.

3. Mlisema kuchota mchanga kunaiua basia. Hapo nilipiga makofi peke yangu, watu wote wakanigeukia. Mheshimiwa, nani aliwaambia? Fundi wa nyumba yake kabebea mchanga basia ya watu hadi kitako kimekuwa chembamba, ukiinua juani unaona mwanga!

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, mtume askari wawili, mmoja wetu na mmoja wao, pasiwe na upendeleo, waifuate Kilambo. Somoe akikaidi, mawaziri wakutane. Mawaziri nao wakishindwa, iwekwe kwenye fungu la mchanga katikati ya mto, chini ya bendera mbili, nami nitavuka kuosha samaki wangu huko kwa zamu na kwa kibali.

Nisalimie wajumbe wote, mama watoto, dereva wenu, na senhor Januário na kipaza sauti chake. Huku kwetu wote hawajambo, isipokuwa mimi.

Ni mimi mwenye basia, kwa sasa sinayo,

Atija Assane

Tanbihi: Mume wangu Rachide kaisoma barua hii kabla sijaifunga, kacheka hadi chai ikampalia. Anasema kwa Kireno neno ni hilo hilo moja, ila basia mliyoisema ninyi ni mto Rovuma wenyewe, na vijito vyake, na nchi yote inayoutilia maji, kwetu na kwao. Yarabi! Basi futeni yote niliyoandika, na poleni sana na kazi. Mimi na Somoe ni wawili tu, tumelia msiba mmoja, na beseni moja limetushinda. Askari msitume, navuka mwenyewe leo. Basia akipenda abaki nayo. Nimemkumbuka Somoe.