Kizimba cha Kunusa Dhahabu

Abdulshakur wa Nyahanga alinusa tamaa ya mtu kama fisi anavyonusa bucha. Alipomkuta Zipora, mama Juliana, kando ya duara lake, shimo la dhahabu lililokufa pale Nyarugusu, akitoa vumbi la chuma kwenye mchanga kwa sumaku ya spika, akajua riziki imefika. Duara hakulitaka. Alitaka karasha la kusagia mawe, kitu pekee kilichobaki kumlisha mama wa watu.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Unauza nini?”

Mwingine angeona aibu. Abdulshakur akanyoosha mkono. Usoni mwa saa yake palikuwa na kidirisha, na ndani kizimba kidogo cha vyuma kikizunguka taratibu.

“Mafundi wa Ulaya walikibuni kishindane na mvuto wa ardhi, saa isipotee majira. Dhahabu nayo ni nzito, si ndiyo? Ukiikanyaga, kizimba kinashindwa. Kinasimama.”

Nusu ya kwanza ilikuwa kweli. Wapo wanasiasa wasiofika hata hapo.

Akatembea. Alipofika kwenye kokoto alizojichagulia, ukucha ukavuta kifundo cha kurekebishia saa, kizimba kikaganda. “Nipe karasha, saa iwe yako.”

Zipora aliuona ukucha. “Karasha si kitumbua, mwanangu. Nivalishe nijaribu mwenyewe.”

Akazunguka kote, kizimba kinatembea tu. Alipofika mdomoni mwa duara akapumzisha mkono wenye saa kwenye fundo la khanga kiunoni. Kizimba kikasimama.

“Bhebhe wewe, saa yako mbovu. Hapa pamekufa tangu enzi za marehemu mume wangu.”

Abdulshakur alikodoa macho. Kifundo hakuna aliyekigusa. Maishani mwake mote hakuwahi kuamini neno lake mwenyewe, na alipoanza, akaanza na hilo.

“Karasha baki nalo, mama. Nipe duara.”

“Juliana atanilaumu.”

“Chukua pikipiki yangu.”

“Na saa?”

“Saa nitaihitaji,” akajibu haraka, mjanja wa watu.

Mvua zilipoanza alikuwa chini shimoni, tope hadi kwenye nyusi. Zipora akapita na pikipiki, Juliana kapakiwa nyuma, sumaku ya spika ikining'inia kwenye funguo.

“Saa ngapi huko, Abdulshakur?”

Akaitazama saa. Tangu siku ile ilikimbia mbele kama mwizi wa kuku. Akaitazama sumaku. Kisha fundo la khanga, pale saa iliposimama.

“Shikamoo, mama,” akasema, na safari hii ilimtoka moyoni.