Yai la Karisa na Shira Yangu

Jumatatu, 7 Septemba 1964

Nimekasirika hata kalamu inatoboa karatasi. Mwalimu mkuu wetu, Mwingereza, anarudi kwao Desemba. Kiti ni changu! Miaka kumi na mmoja nafundisha hapa Msambweni. Leo ametutangazia kwamba mkaguzi, Bwana Kenga, atashuka kutoka Kwale siku ya Ijumaa kututazama tukifundisha, mimi na Karisa, kisha achague. Karisa! Ametoka chuoni juzi, hata ndevu hajaota. Somo ni moja kwetu sote: jinsi seli inavyopokea vitu kupitia utando wake. Sijapata kuiona seli. Nani ameiona?

Karisa ametumbukiza mayai mawili katika siki. Nikamwambia mbele ya walimu kwamba labda kwao hawajui kupika.

Jumatano, 9 Septemba

Siki imekula maganda yote. Mayai yamebaki na ngozi laini tu, yanatikisika. Karisa akaeleza, bila kuombwa, kwamba ngozi ile ni mfano wa utando wa seli: maji hupenya, vitu vikubwa huzuiwa. Yai likilala katika maji matamu, yaani ya kisima, litavimba. Kisha akanipa moja nifundishie. Kwa moyo mweupe! Hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Mtu mbaya ningemweza.

Nimeshapanga. La kwake litasinyaa. Langu litavimba kupita kiasi.

Alhamisi, 10 Septemba

Alfajiri nikachota ndoo ya maji ya bahari. Walimu walipokwenda kunywa chai, nikamwaga dirishani maji matamu ambamo Karisa alikuwa amelaza yai lake, nikajaza ya chumvi. Bimkubwa, mfagizi wa shule, alikuwa chini ya dirisha. Akarowa. Akatukana ukoo wangu mpaka babu wa tatu.

Langu sikulitia maji. Maji ni ya watu wasio na akili. Nani hajaona kaimati zikinywa shira ya sukari zikanona? Nikatwaa sufuria ya shira ya mke wangu Khamisa, nzito, ya iliki, nikalizamisha humo. Khamisa akasema litasinyaa, kwani yeye kila mwaka hutia maembe chumvi kwa achari na huyaona maji yakitoka. Nikamjibu kwamba shira si chumvi, na jikoni si chuoni. Akauliza wageni wake atawapa kaimati kavu? Nikafunika sufuria.

Ijumaa, 11 Septemba

Laana! Karisa alianza. Akafunua bakuli: yai limesinyaa. Nikajikaza nisicheke. Shetani yule hakutetereka. Akawauliza watoto sababu. Msichana mmoja, Kanze, akachovya kidole, akaonja, akapiga kelele kwamba ni maji ya bahari. Darasa zima likaonja. Wakaeleza wenyewe kwamba chumvi ni nyingi nje, basi maji ya ndani yametoka kupitia utando, kama ya samaki anayetiwa chumvi. Bwana Kenga akapiga makofi. Akasema hajapata kuona somo lililopangwa vizuri namna ile. Nani alilipanga? Mimi! Na siwezi kusema.

Zamu yangu. Nikatangaza maajabu. Nikafunua sufuria. Yai limekunjamana kama kisigino cha mkulima, linaelea juu ya shira. Mkaguzi akaniuliza sababu. Nikasema kuku ni wa Karisa. Akauliza tena. Nikasema yai limekataa. Bimkubwa alicheka mlangoni mpaka akakaa chini.

Jumatatu, 14 Septemba

Barua imefika. Karisa ndiye mwalimu mkuu mpya. Nimelia chooni, naandika ukweli. Miaka kumi na mmoja!

Naye akaja na adabu zake, shikamoo mwalimu, akaniomba nisimamie bustani ya nyanya, maana shule itashindana katika maonyesho ya Kwale. Akasisitiza kwamba mbolea ya chumvichumvi ni kijiko kimoja kwa kila mche, si zaidi. Kijiko! Anataka nishindwe tena, niaibike hadharani. Mbolea ni chakula, na mwenye njaa hashindi popote. Asubuhi hiyo hiyo kila mche nimeupa kopo zima.

Sasa ni alasiri. Miche yote imeinamisha vichwa. Imeshiba, inasinzia. Nimeongeza nusu kopo, isije ikaamka na njaa.