Naitrojeni Yangu Imevuka Ua

Jumatatu, 5 Mei 2025

“Taka ni taka. Kilichooza kimekwisha.” Maneno ya Mbeyu, jirani yangu wa chini mteremkoni, mbele ya kanisa letu hapa Frere Town. Uongo mtupu! Hakuna kinachokwisha. Jani likioza, naitrojeni yake hurudi udongoni, mzizi huinywa, jani jipya huota. Nikamweleza, kwa urefu. Akauliza kama ni hiyo naitrojeni iliyoninyima ushindi wa maboga mwaka jana. Kwaya nzima ikacheka. Haya! Jumapili ya mavuno boga langu litakaa mbele ya madhabahu. Lake litakaa mlangoni na viatu.

Ijumaa, 9 Mei

Hamali wa soko la Kongowea kaniletea mkokoteni wa kabichi zilizooza. Nimeongeza matumbo ya samaki (fosforasi!) na jivu (potasiamu!). Lundo nimelijenga chini kabisa ya shamba langu, kando ya ua wa Mbeyu, harufu imfikie vizuri. Mke wangu Velma akasema maboga yetu yako juu na maji hushuka. Nikamjibu hii ni kemia, si mambo ya mabomba.

Alhamisi, 29 Mei

Mvua wiki nzima. Lundo linatoa maji meusi kama kahawa chungu, yanapita chini ya ua, yanakwenda zake. Maboga ya Mbeyu yana majani mapana kama sinia. Yangu ya manjano. Wizi! Velma anaimba tu jikoni.

Jumamosi, 19 Julai

Ushindi! Mmea wa Mbeyu umetambaa, umevuka ua na kuzaa juu ya lundo langu. Boga kubwa kama ngoma! Nikamwita. Nikamwambia akubali sasa kwamba kilichooza hurudi. Akakubali papo hapo: “Kweli Baba Nyale, kimerudi. Kwangu.” Nikasema boga limelala kwangu. Akasema hata paka wake hulala kwangu. Hapo nilicheka, nakiri. Tukalibeba pamoja hadi kanisani.

Jumapili, 20 Julai

Boga letu limeshika nafasi ya kwanza! Mchungaji akataja jina la Mbeyu peke yake, kwa kuwa mzizi ni wake. Nikasimama kuieleza naitrojeni. Velma akanivuta koti, nikaketi. Kwenye mnada wa mavuno Velma ndiye aliyelinunua, na jioni Mbeyu akaja kwetu kulipika kwa tui la nazi. Tamu! Nimekula sahani tatu na kumsomesha fosforasi hadi akasinzia.

Maganda nimeyarudisha lundoni, palepale kando ya ua wake. Kosa la mwaka huu ni moja tu: lundo lilikuwa dogo.

Enyi wauza kabichi wa Kongowea, msitupe hata jani! Nileteeni mikokoteni miwili, mmwage chini kabisa, kando ya ua wa Mbeyu. Harufu lazima imfikie.