Nyumba za Vijidudu

Jumatatu, 3 Machi
Mke wangu katoa amri. Jumapili mama yake anakuja. Chakula cha mchana kisipoivia kwenye gesi ya pipa langu, pipa linahamia kwa Cheche. Cheche ni kaka yake, fundi wa kuchomelea, analimezea mate pipa hilo siku nyingi. Nalilisha makombo ya mgahawa wa jirani, yakioza humo linanipa kamoto ka kuwashia sigara. Basi! Lakini leo redio imenifumbua macho. Mtaalamu kasema ukitia bayocha, yaani mkaa wa mabaki yaliyochomwa kwa kunyimwa hewa, vijidudu vinavyotengeneza gesi vinapata pa kukaa, gesi inaongezeka. Kumbe vijidudu vyangu havina nyumba! Maskini!

Jumanne, 4 Machi
Nimechoma magunzi ndani ya debe lenye mfuniko. Moshi mtaa mzima. Cheche kachungulia ukutani, kauliza nani kaungua. Nimemwambia acheke, atakuja kuniomba maji ya chai. Mkaa nimeutwanga kwenye kinu cha mke wangu. Nikakisuuza. Kidogo. Makopo mawili ndani ya pipa, na dua juu yake.

Ijumaa, 7 Machi
Wacha wee! Moto wa buluu! Chai imechemka sijapata hata vikombe! Nimemwita mke wangu, nimemwita jirani, nimemwita Cheche kwa makusudi. Kanionya nisizidishe makombo, pipa litachachuka. Husuda tupu! Mke wangu katabasamu mpaka alipoiona tangawizi aliyoitwanga kwenye kinu chake. Nyeusi tii. Nimetazama pembeni.

Jumamosi, 8 Machi
Kama makopo mawili yameleta haya, gunia je? Magunzi yameisha, lakini jikoni kuna gunia la mkaa wa kupikia. Mkaa ni mkaa! Nimetwanga wote. Wa nini tena, na sisi sasa watu wa gesi? Mgahawani nimeomba ndoo sita badala ya moja. Mpishi kauliza kama nafuga nguruwe. Nimemjibu nafuga vijidudu, tena vyenye majumba. Vyote ndani ya pipa! Roho yangu kwatu.

Jumapili, 9 Machi
Mama mkwe nimemkalisha jikoni kwa heshima zote, ajionee. Nikawasha. Kamoto kakachungulia, kakazima. Ikatoka harufu chachu, mama mkwe akajiziba pua. Mke wangu, kwa upole wa kutisha, kasema basi niwashe jiko la mkaa. Mkaa gani? Nikaonyesha pipa kwa kidole. Loo, nimeumbuka! Tumekula ndizi mbivu. Mama kazisifu, maskini. Mke wangu kampigia simu kaka yake. Jioni Cheche kaja na mkokoteni.

Jumatano, 26 Machi
Cheche kalipumzisha pipa bila kulilisha, kisha kalipa ndoo moja moja tu. Linawaka hilo! Mke wangu anakwenda kupikia huko. Bayocha yangu ile! Machozi yamenilenga, halafu nikapata wazo. Nimempigia simu mama mkwe. Ana tangi la maji, kubwa kuliko pipa mara tano, na stoo imejaa mkaa. Nimemwambia Jumamosi nakuja kumsafishia tangi. Kafurahi, kasema mkwe kama mimi hapatikani. Mpishi wa mgahawa nimeshamwambia: safari hii, ndoo thelathini!